Husuni Ndogo ya Kilwa: Tulisome Jiwe Kabla ya Jina

Katika vipindi vyetu vya fasihi, magofu ya pwani hupitiwa haraka haraka. Mwalimu huandika ubaoni Kilwa, Gedi, Pate. Wanafunzi hunakili, kisha somo huendelea na vina na mizani. Makala haya yanahakiki usomaji huo kwa kutumia gofu moja dogo, Husuni Ndogo, lililoko Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania.

Tuanze na jina. Husuni ni neno lenye asili ya Kiarabu, hisn, yaani ngome. Mwanafunzi akilisikia hutarajia askari na silaha. Hata hivyo, Husuni Kubwa iliyo jirani ilikuwa kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa wakati Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Ina vyumba zaidi ya 100, nyua pana na birika la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Hayo ni makazi ya fahari na biashara, si ngome. Husuni Ndogo nayo ni ukuta mnene wa mstatili ulioimarishwa kwa minara, na ndani yake karibu ni patupu. Neville Chittick aliongoza uchimbaji Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Hadi leo wataalamu hawajaafikiana kuhusu kazi ya jengo hili. Jina, basi, linatoa jibu ambalo jiwe lenyewe halijalitoa.

Jengo la tatu kisiwani humo huitwa Gereza. Wengi hulihusisha neno hilo na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Pwani lilitumika kwa maana ya ngome, na leo sote tunalijua kwa maana ya jela. Kanisa, ngome, jela: neno moja limebeba historia ya karne kadhaa. Hilo pekee latosha kuwa somo zima la semantiki.

Kasoro ya pili ni ya kifasihi. Tumezoea kuyafasiri magofu yote kwa jicho la Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir: dunia ni hadaa, utajiri hupita. Mshairi yule alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani aliyalilia majumba ya Pate, mji wa watu wake, na lengo lake lilikuwa kuuonya moyo. Lakini tukiihamishia Kilwa hukumu ileile, tunafunika sababu. Kilwa ilineemeka kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, na mwaka 1505 Wareno waliiteka na kuipora. Mji ulioporwa haukuanguka kwa sababu tu dunia haidumu. Maonyo ya kishairi hayawezi kuchukua nafasi ya swali: nani alifanya nini, na kwa faida ya nani?

Kasoro ya tatu inatugusa sisi wa Burundi. Mwanafunzi wa Bujumbura akiona picha za Kilwa huweza kudhani kwamba kwao hakukuwa na historia, kwa kuwa makao ya wafalme yalijengwa kwa miti, matete na nyasi. Akumbushwe kwamba hata Kilwa nyumba za mawe zilikuwa za wenye nafasi; watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, na hizo zimetoweka kabisa. Aidha, Gishora, karibu na Gitega, haina ukuta wa karne ya 14, lakini ngoma zake zinalia hadi leo, na mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kudumu kwa jiwe ni namna moja tu ya kudumu.

Ndugu walimu, hatuna budi kubadili mbinu. Tukifundisha gofu lolote, tumwombe mwanafunzi kwanza aeleze anachokiona: ukuta, mlango, birika. Kisha alichambue jina. Utenzi uje mwisho. Tukiutanguliza, mwanafunzi atajifunza kulia kabla hajajua anachokililia.