Istilahi za Prioni na Samaki wa Kufugwa

Tumepata kusoma rasimu ya tafsiri ya makala ya kitaalamu ihusuyo protini za prioni katika samaki wa kufugwa. Kiswahili chake ni fasaha. Hata hivyo tumelazimika kuirejesha kwa mfasiri, na sababu zake twaona yafaa zielezwe hapa, kwani makosa tuliyoyakuta si yake peke yake.

Kosa la kwanza ni "virusi vya prioni". Neno prioni lilibuniwa mwaka 1982 na Stanley Prusiner wa Marekani, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, kwa kusudi la kutenga kitu hiki na virusi. Kirusi kina jeni, prioni haina. Ni protini tupu iliyokunjika visivyo, nayo huzilazimisha protini za jinsi yake zilizo nzima zifuate mkunjo huo potovu. Kwa hiyo hata "kijidudu" hakifai, maana mdudu ni kiumbe hai, na kilicho hai huuawa kwa moto. Bwana shamba atakayesoma "virusi" atawaambia watu wapike sana ili vife, ilhali joto la jikoni haliiharibu prioni.

La pili ni zito zaidi. Mfasiri ameandika kwamba "samaki wana prioni". Matini asilia haisemi hivyo. Inasema kuwa samaki, kama sisi binadamu, wana protini ya kawaida ya jamii hiyo katika miili yao, na protini hiyo haina ubaya wowote maadamu mkunjo wake ni mzima. Twapendekeza basi "protini ya prioni" itumike kwa ile ya kawaida, na "prioni" ibaki kwa ile potovu. Tofauti ni ya neno moja tu, lakini likiachwa, mfugaji aliyechimba bwawa lake kwa jasho atakosa mnunuzi kwa uvumi tuliouzua sisi wafasiri.

Juu ya "kichaa cha ng'ombe" hatuna ugomvi na magazeti. Jina limekwisha kuzoeleka tangu ugonjwa huo, uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986, ulipotangaa. Lakini katika maandishi ya kitaalamu jina hili lavutwa mno na "kichaa cha mbwa", ambacho ni cha virusi na huenezwa kwa kuumwa. Ng'ombe wale hawakuumwa na kitu. Walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao. Ubongo wao huingia vitundu kama sifongo, na ndiyo maana twaona "ugonjwa wa ubongo-sifongo" ni jina la haki. (Kuna aliyetuletea "uwendawazimu wa ng'ombe". Tulicheka, tukaliweka kando.)

Limebaki neno "hatari", nalo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Rasimu yasema: "Samaki hawa ni hatari kwa mlaji." Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa kwa samaki wa bahari ya Mediteranea waliolishwa ubongo wa ng'ombe mgonjwa, ulikuta mabonge ya protini isiyo ya kawaida katika ubongo wa samaki hao, lakini hawakuonyesha dalili za ugonjwa, wala utafiti haukuthibitisha kwamba waweza kumwambukiza mwingine. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua prioni kwa kula samaki. Matini asilia yazungumzia jambo liwezalo kutokea. Rasimu imeligeuza kuwa jambo lililokwisha kuwapo. Kiswahili hakikosi njia ya kulitenga hili: "hatari" iwe kwa kitu chenye kudhuru, na "uwezekano wa madhara" kwa kipimo cha kudhurika. Ni maneno matatu badala ya moja, na watumishi wa ofisini watalalamika kuwa ni marefu. Na walalamike. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku protini za wanyama wa nchi kavu katika chakula cha mifugo, samaki wakiwamo; mwaka 2013 uliruhusu samaki walishwe zile za nguruwe na kuku, lakini si za ng'ombe. Uamuzi wa namna hiyo haufasiriki kwa neno "hatari" pekee, maana kilichobadilika kati ya miaka hiyo miwili ni kile kipimo.