Nyangumi anaimba, ila tusimsingizie lugha

MAJUZI mwanafunzi wangu alinisimamisha njiani, simu mkononi, akaniuliza: "Mwalimu, ni kweli nyangumi nao wana lugha?" Alikuwa amesoma habari iliyodai kuwa wanasayansi wamezungumza na nyangumi. Nilimwomba siku mbili nisome walichoandika watafiti wenyewe. Nimesoma.

Kinachonitatiza kwanza ni hilo neno "kuzungumza". Mnamo Agosti 2021, kusini mashariki mwa Alaska, kundi la watafiti akiwemo Brenda McCowan wa Chuo Kikuu cha California kule Davis liliteremsha spika majini na kucheza mlio wa nyangumi kibyongo, yule anayekunja mgongo anapopiga mbizi. Nyangumi jike aliyepewa jina Twain aliikaribia mashua, akaizunguka, na kwa takriban dakika 20 akawa anaitikia. Walipochelewesha mlio, naye alichelewa. Walipoharakisha, naye akaharakisha. Mwishowe akaenda zake. Taarifa yao ilichapishwa 2023 na, tuwape haki yao, kwenye anwani walilitia neno hilo ndani ya alama za mtajo. Habari ilipofika kwa wanahabari, alama hizo zilidondoka njiani.

Hebu chukulia umefika kwa jirani ukabisha, "Hodi!" Ndani unajibiwa, "Hodi!" Unabisha tena, unajibiwa vivyo hivyo, dakika 20 nzima. Utajua kuna mtu na kwamba amekusikia. Lakini mmezungumza? Hukukaribishwa wala hukufukuzwa. Kiswahili kina kitenzi kinachotosha hapa: kuitikia. (Pengine Twain naye aliondoka akishangaa mbona hawa watu hawajui kusema karibu.)

Tena habari ile ilichanganya mlio huo na wimbo. Milio ya kuitana hutolewa na majike kwa madume. Wimbo ni wa madume, hasa msimu wa kuzaana. Roger Payne na Scott McVay, katika jarida la Science mwaka 1971, walionyesha jinsi sauti moja moja zinavyoungana kuwa vifungu, vifungu vikarudiwarudiwa kuwa sehemu, na sehemu zikafuatana kwa utaratibu hadi wimbo ukamilike. Mwanafunzi wa ushairi ataona mizani, mishororo na beti. Wimbo mmoja waweza kufika nusu saa, kisha dume akauanza upya.

Tena nyimbo hizi hufunzwa. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, nao hubadilika. Mwaka 1996 waimbaji wawili tu mashariki mwa Australia walisikika na wimbo wa wenzao wa magharibi. Kufikia 1998 wote walikuwa wameutupa wa kwao. Ellen Garland na wenzake walionyesha mwaka 2011 kuwa nyimbo kutoka Australia husafiri kuelekea mashariki, kisiwa hadi kisiwa, mpaka Polinesia ya Ufaransa. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia.

Mwaka 2025 Garland, Inbal Arnon, Simon Kirby na wenzao walichanganua nyimbo zilizorekodiwa Kaledonia Mpya kwa miaka minane. Walizikata jinsi mtoto mchanga anavyokata maneno. Mtoto haoni nafasi kati ya maneno, husikia mfululizo. Baada ya "Kiswahi" karibu kila mara huja "li", ila baada ya "li" laweza kufuata lolote. Hapo pana mpaka. Vipande walivyopata vilifuata kanuni ya Zipf: vichache husikika mno, vingi kwa nadra, jinsi "na", "ya" na "wa" zinavyotawala ukurasa huu.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni na wanaoruka kutoka "mpangilio unaofanana na wa lugha" hadi "lugha". Watafiti wenyewe walionya kuwa hawajagundua maana yoyote. Walichoonyesha ni kwamba kinachorithishwa kwa kusikilizana huishia kuwa na umbo linalofunzika kwa urahisi. Nimewahi kusahihisha mashairi ya wanafunzi yenye vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 bila kukosa hata mmoja, na hayakusema kitu. Kwa kuhesabu tu, ungeyapa alama zote.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Hapa kwetu mtoto alivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mamake, na mpaka leo tunaiita "kilugha", kana kwamba haijakomaa. Ina nomino, vitenzi, methali na matusi. Halafu kwa kichwa kimoja cha habari tunamtunuku nyangumi lile neno kamili, bila kiambishi cha kudunisha!

Nyangumi hawa hawako mbali nasi. Kila mwaka, hasa kati ya Julai na Septemba, wao hupita pwani yetu wakitoka bahari ya kusini, na Watamu watu huenda kuwatazama kwa mashua. Mwanafunzi wangu ana shangazi huko. Nimemwomba Agosti awaulize wavuvi kama huusikia mlio huo, na wanautajaje: kulia, kuimba, kunguruma, au kwa neno jingine nisilolijua mimi.