Pongezi kwa Walimu wa Madrasa za Awali

Mitaala mingi huandikwa ofisini kisha ikatafutiwa watoto. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanza Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake wa mwanzo, uliwatazama watoto kwanza: mtoto wa chuo cha Qurani aliyejua alifu na be, lakini darasa la kwanza la shule ya serikali likimtisha. Ukaunganisha Qurani, hesabu na michezo. Vifuu na vifuniko vya chupa vikawa vya kuhesabia. Wako waliohofia dini ingepunguzwa. Hofu hiyo ina haki yake, ila mtoto anayehesabu vifuu hajapokonywa sura yoyote. Sifa kubwa ni ya akina mama wa mitaa ileile, waliofunzwa ualimu kisha wakafuatwa darasani kuelekezwa. Mpango huo ukaenea hadi Zanzibar na Uganda.