Tarakimu tisa za mwisho

Karani anaandika namba ya simu ya mwanachama, kisha anasubiri. Zinapita sekunde 6 ndipo orodha ya malipo itokee. Foleni ikiwa na watu 40, hizo ni dakika 4 za kukodolea kioo macho.

Chama hiki cha kuweka na kukopa kilishashauriwa kununua seva kubwa zaidi. Niliomba kwanza nione hoja yenyewe, yaani amri inayoitafuta orodha hiyo. Hifadhidata yao ni PostgreSQL, kwa hiyo nikatanguliza EXPLAIN ANALYZE, amri inayoiendesha hoja kweli kweli na kuonyesha njia iliyopita. Kwa sababu inaiendesha kweli, usiitangulize kwenye amri ya kufuta ila ndani ya muamala utakaoutengua.

Jibu lilisema Seq Scan: rekodi zote milioni 4 za malipo zilisomwa, ingawa safu ya simu ilikuwa na faharasa. Tena, mpangaji wa hoja wa PostgreSQL alikadiria kupata rekodi 20,000. Zilipatikana 31.

Hiyo 20,000 ndiyo iliyonifumbua macho. Ni milioni 4 kugawanya kwa 200, na 200 ni idadi ya thamani tofauti ambayo PostgreSQL huikisia inapokosa takwimu za kitu inacholinganisha. Safu ya simu ilikuwa na takwimu zake. Basi kilicholinganishwa hakikuwa safu ya simu. Kurudi kwenye hoja, nikakiona: namba ziliingizwa kwa mitindo tofauti, hii 07, ile +255, na mtunzi wa programu akakata tarakimu 9 za mwisho kabla ya kulinganisha. Majibu yalikuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana hakuna aliyemshuku.

Faharasa ya kawaida, B-tree, hupanga thamani kuanzia mwanzo wake, kama kamusi. Tafuta humo maneno yote yanayoishia na -isha, utafunua kurasa zote. Lakini mwenye kutafuta “walipikiana” hahangaiki: mtunzi wa kamusi aliviingiza vitenzi kwa mashina, naye msomaji huvua viambishi, akafungua P. Wote wawili wamekata neno mahali pamoja.

Nikafanya vivyo hivyo. Nilijenga faharasa juu ya tarakimu 9 za mwisho, kwa CONCURRENTLY ili malipo yaendelee kuingia wakati ujenzi unaendelea, kisha nikaendesha ANALYZE, maana takwimu za faharasa ya namna hii hazikusanywi mpaka hapo. Makadirio yakashuka hadi 28. Orodha ikatoka kwa milisekunde 2. Namba mpya sasa zinasawazishwa zinapoingizwa, jambo lililopaswa kufanywa tangu siku ya kwanza.

Faharasa ya zamani niliiondoa. Takwimu za pg_stat_user_indexes zilionyesha haijawahi kutumika hata mara moja, ilhali kila malipo mapya yalilazimika kuandikwa humo pia.