Mkorosho Uliopandwa Mara Mbili: Upatanisho wa Kisarufi katika Fumbo la Wimbo

Fumbo la wimbo wa Kiswahili husimama juu ya neno lenye maana zaidi ya moja, lakini neno peke yake halitoshi, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi, yaani kanuni inayovilazimisha vitenzi na vivumishi kufuata ngeli ya nomino, huifichua mapema maana iliyokusudiwa. Neno “mbuzi” lina maana ya mnyama na pia ya kifaa cha kukunia nazi. Hata hivyo, anayeimba “mbuzi wangu amepotea” amekwisha kumtaja mnyama, na anayeimba “mbuzi yangu imepotea” amekitaja kifaa, ilhali anayeimba “nipe mbuzi” ameziacha maana zote mbili zikiwa hai, kwa sababu hakuna kiambishi kinachozitenganisha.

Kutokana na hali hiyo, mtunzi ana njia kuu mbili: ama avikwepe viambishi vinavyofichua, ama achague maana ambazo upatanisho wake ni mmoja. Njia ya pili ndiyo imara zaidi, na inaweza kuonyeshwa kwa mstari wa kubuni unaofaa mazingira ya Nanganga, katika ukanda wa mikorosho wa kusini mwa Tanzania, mahali inapochepukia barabara ya kwenda Ruangwa na Nachingwea: “Mkorosho niliupanda mimi, leo anaupanda jirani.” Kupanda ni kutia mbegu au mche ardhini, na pia ni kukwea; kiambishi “u” cha yambwa, yaani cha mtendwa, kinaurejelea mkorosho katika maana zote mbili, hivyo sarufi haitoi siri. Kinachoitoa ni ujuzi wa msikilizaji, ambaye anajua kwamba mti uliokwisha kupandwa haupandwi tena, kwa hiyo jirani anakwea. Tena anajua kwamba korosho zilizokomaa huanguka zenyewe na kuokotwa chini, kwa hiyo jirani huyo hakufuata korosho. Hapo ndipo mti unapogeuka kuwa mke au mchumba, na malalamiko ya mkulima yanapokuwa malalamiko ya mwenye wivu.

Ufundi huohuo unaonekana katika “Mambo kwa Soksi”, wimbo wa Remmy Ongala, mwanamuziki mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyepata umaarufu Dar es Salaam akiwa na Orchestra Super Matimila. Soksi katika wimbo huo ni kondomu, na uteuzi wa neno ulikuwa wa kitaalamu: nomino zote mbili zimo katika ngeli moja, na vyote viwili huvaliwa na kuvuliwa, kiasi kwamba kitenzi na viambishi vyake vinaitumikia maana ya wazi na ya ndani bila kugongana. Hata hivyo, stara hiyo haikuwazuia wasikilizaji kuelewa, na Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo uliohimiza kinga katika nchi ambayo wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera.

Mfasiri wa mashairi ya nyimbo anapaswa pia kujihadhari na maana zinazotoka kwake mwenyewe. Mwaka 1967 wasikilizaji wengi wa muziki wa roki waliona jina la dawa ya kulevya ya LSD katika herufi za mwanzo za “Lucy in the Sky with Diamonds” ya The Beatles, ingawa John Lennon alieleza kuwa jina hilo lilitokana na mchoro wa mwanawe. Kiswahili kinampa mfasiri kipimo cha karibu zaidi: maana ya ndani ijaribiwe kiambishi kwa kiambishi, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na pale upatanisho unapoikataa, mfasiri awe mwepesi kuiacha, kwa kuwa mtunzi aliyejitaabisha kuulinda mkorosho wake kwa herufi moja tu ya “u” anastahili kusikilizwa kwa uangalifu uleule.