Fundi wa Sentensi Moja

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: mchakato unaoufuatilia ukifa, utapokea papo hapo ujumbe wenye sababu ya kifo chake. Ilikaa kwenye mwongozo rejea wa maktaba moja huria iliyojengwa juu ya lugha ya Erlang, na kwa muda mrefu hakuna aliyeigusa. Ukiipitia juujuu huoni kasoro. Mwenzangu, aliyejitolea kuusahihisha mwongozo huo, aliisoma taratibu kama mtu anayehesabu chenji, akasema, "Hii haisemi kweli, na si kwa neno moja tu." Kisha akainuka kwenda kubandika chai. Nilidhani atarudi aandike sentensi nyingine. Alirudi akafungua terminali.

Kabla ya kumfuata, tuelewane kuhusu kinachofuatiliwa. Erlang ilizaliwa Stockholm katika miaka ya 1980, kwenye maabara ya kampuni ya Ericsson, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Walitaka lugha ya kuendeshea mitambo ya simu, mitambo ambayo haizimwi ili itengenezwe. Programu ya Erlang ni kundi la michakato midogo, maelfu na hata malaki, kila mmoja na kumbukumbu yake, isiyochangia chochote ila kutumiana ujumbe. Aliyewahi kutuma salamu kwa WhatsApp amepita humo, maana seva zake zimejengwa kwa Erlang. Mchakato ukikosea, desturi ya lugha hii ni kuuacha ufe, na mwingine uliokuwa ukiutazama ndio uamue la kufanya.

Kwa hiyo habari ya kifo si jambo la pembeni. Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni kiungo: michakato miwili inafungamanishwa, na mmoja ukianguka kwa hitilafu unauvuta mwenzake, isipokuwa kama huyo mwenzake amejiandaa kuipokea ishara. Ya pili ni ufuatiliaji, nao ni wa upande mmoja. Unaita monitor, unapewa namba ya kumbukumbu, unaendelea na shughuli zako. Yule anayetazamwa hadhuriki kwa lolote litakalokupata wewe. Mambo yakimharibikia, kwenye sanduku lako unaingia ujumbe wenye sehemu tano: neno DOWN, ile namba ya kumbukumbu, aina ya kitu, kitu chenyewe, na sababu. Sentensi yetu ilikuwa ikizungumzia ujumbe huo.

Skrini aliigawa mara mbili. Kushoto maandishi ya mwongozo, kulia terminali ya Erlang. Jambo la kwanza aliloandika kulia ni h(erlang, monitor), amri inayoleta maelezo rasmi ya lugha humo humo, huduma iliyoanza na toleo la 23 la Erlang/OTP. Anayajua maelezo hayo, nina hakika angeweza kunisomea bila kutazama. Hata hivyo aliyasoma yote, pamoja na aya ambazo hazikuhusu sentensi yake.

Kisha akaandika mistari mitatu:

1> P = spawn(fun() -> ok end).
2> R = monitor(process, P).
3> flush().

Mstari wa kwanza unazalisha mchakato usio na kazi: unaanza, unasema sawa, unakwisha. Wa pili unaanza kuufuatilia. Wa tatu unamwaga kila kilicho kwenye sanduku la ujumbe. Terminali ikajibu kwamba umefika ujumbe wa DOWN, na kwenye sehemu ya tano, mahali pa sababu, limeandikwa noproc. Mchakato ule ulikufa kifo cha kawaida kabisa, na sababu yake halisi ni normal. Lakini wakati mstari wa pili unaandikwa ulikuwa umeshatoweka, na mfumo hauna kumbukumbu ya marehemu. Unachoweza kukwambia ni kwamba hapakuwa na mchakato wa kufuatilia.

Akarudia kwa spawn_monitor, inayozalisha na kufuatilia kwa tendo moja lisilo na mwanya katikati. Safari hii sababu ikaja normal. Hapo mimi ningeridhika: ukichelewa unapata noproc, ukiwahi unapata sababu ya kweli. Yeye akaandika mstari mwingine ambao sikuutegemea:

spawn_monitor(fun() -> exit(noproc) end).

Mchakato ulio hai, unaofuatiliwa tangu kuzaliwa, ambao kwa hiari yake unakufa ukitaja noproc kuwa ndiyo sababu. Ujumbe uliokuja haukutofautiana kwa lolote na ule wa kwanza, ukiacha namba za utambulisho. "Umeona," akasema. Maana yake ni kwamba hata mtu akiandika "noproc ni dalili kuwa mchakato haukuwepo" atakuwa amezidisha. Mfumo hutumia neno hilo kwa asiyekuwepo, lakini haumkatazi aliyekuwepo kulitumia. Hakuna programu ya kawaida inayofanya hivyo kwa makusudi. Ila mchakato ukimwita mwingine asiyekuwepo ukaanguka kwa sababu hiyo, noproc hiyo hubebwa ndani ya sababu ya kifo chake, na mtu asiyesoma kwa makini atamtafuta marehemu asiye sahihi.

Baada ya hapo akaiendea sehemu niliyoipenda kuliko zote. Aliwasha Erlang mara mbili kwenye kompyuta ileile, kila moja na jina lake, akaziunganisha, sasa zikawa nodi mbili zinazofahamiana. Kwenye ya pili akazalisha mchakato unaokaa tu kusubiri. Kwenye ya kwanza akaanza kuufuatilia. Halafu, kutoka dirisha jingine, akaipelekea nodi ya pili ishara ya kusimama, kill -STOP. Nodi haikufa. Iliganda tu, kila kilichomo kikiwa mahali pake.

Akaandika flush(). Hamna kitu. Akanywa chai. Akaandika tena, hamna kitu.

Nodi za Erlang hupimana uhai kwa kupelekeana vijishara vidogo, na muda wa kukata tamaa huwekwa na kigezo kiitwacho net_ticktime, ambacho kisipobadilishwa ni sekunde 60. Kwa jinsi hesabu inavyofanywa, nodi iliyonyamaza hugunduliwa kati ya sekunde 45 na 75. Tulikaa kimya tukitazama kielekezi kikipepesa. Muda wake ulipotimia, flush() ikaleta ujumbe wa DOWN wenye sababu noconnection.

Sasa akaiamsha nodi ya pili kwa kill -CONT na kuuliza kama mchakato ule upo. Ulikuwepo, mzima, bado ukisubiri kama alivyouacha. Upande mmoja ulishapelekewa taarifa ya kuondokewa, upande wa pili hakuna aliyekufa. Maelezo rasmi ya Erlang yanalikubali hili waziwazi: muunganisho ukipotea, haijulikani kama mchakato bado upo. Ile sentensi fupi tuliyoanza nayo ilikuwa imelifunika jambo zito kwa neno "ukifa".

Likabaki "papo hapo". Hapa ndipo nilipoona tofauti kati ya mjuzi wa lugha na fundi wa mwongozo. Tulikuwa tumeshaona kwamba kwa nodi ya mbali "papo hapo" yaweza kuwa zaidi ya dakika nzima. Lakini kwa mchakato wa karibu, ndani ya nodi moja? Aliandika kitanzi kinachozalisha mchakato, kuusubiri ufe, kuufuatilia, na kutazama kama ujumbe umeshafika. Akakiacha kizunguke mizunguko mingi. Kila mara ujumbe ulikuwa tayari sandukuni. Nikamwambia basi aandike kwamba kwa mchakato wa karibu ujumbe huja papo hapo, kwa sababu tumejionea wenyewe.

Akakataa. Alichokiona ni tabia ya mashine hii, toleo hili, leo. Erlang haikuahidi muda. Ishara kati ya michakato husafiri bila kusubiriana, na ahadi iliyopo ni ya mpangilio tu: mchakato mmoja ukimpelekea mwingine ishara kadhaa, zitafika kwa mfuatano uleule. Mwongozo rejea kwake ni kama mkataba wa kupanga nyumba, ambamo kila ulichokiandika utakuja kudaiwa, hata kile ulichokiandika kwa ukarimu. Mtu akijenga programu yake juu ya "papo hapo", na toleo lijalo likachelewa kidogo, lawama ni za mwandishi wa mwongozo. Matokeo ya kitanzi hakuyaweka popote. Alikifuta.

Hapo tu ndipo alipoanza kuandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu, ina kila tulichokiona: noproc ya kweli na ya kujitakia, nodi iliyoganda, sekunde 45 na 75. Akaisoma kwa sauti ya chini na kuanza kupunguza. Sekunde zikaondoka, kwa kuwa ni za kigezo kinachobadilishwa na zina ukurasa wao. Noproc ya kujitakia ikashuka na kuwa tanbihi. Kilichobaki, nikikiweka kwa maneno yangu, ni hiki: utapokea ujumbe mmoja wa DOWN mchakato unapokoma, au usipokuwepo wakati ufuatiliaji unaanzishwa, au muunganisho na nodi yake unapokatika, na katika hali hii ya mwisho mchakato waweza kuwa bado hai. Neno "mmoja" alilitia mwishoni, baada ya kujiuliza kama ni kweli. Ni kweli: ufuatiliaji hufyatuka mara moja tu na kujiondoa. Ukiita monitor mara mbili kwa mchakato uleule, hilo si kosa, ila unakuwa na ufuatiliaji wa mara mbili, kila mmoja ukijitegemea, na utaletewa ujumbe kwa kila mmoja.

Kazi ikamvuta kwenye sentensi ya jirani, ambayo hakuwa amepanga kuigusa. Ilisema unaweza kufuatilia kwa jina lililosajiliwa badala ya kitambulisho cha mchakato. Sawa, lakini haikusema kwamba jina hutazamwa mara moja tu, pale ufuatiliaji unapoanza. Mchakato wenye jina hilo ukifa na msimamizi wake akaanzisha mwingine kwa jina lilelile, ufuatiliaji wako hauhamii kwa mgeni. Unayemfuatilia ni yule aliyelishika jina siku ile. Akaongeza mstari mmoja.

Na kwenye demonitor, ya kuacha kufuatilia, akakuta mfano usio na flush. Kasoro hii ni ya siku nyingi katika programu za watu: unaacha kufuatilia, kumbe ujumbe wa DOWN ulishaingia sandukuni dakika ileile, na baadaye unaibuka mahali ambapo hakuna anayeutegemea. Chaguo la flush huondoa ujumbe huo kama umeshafika. Kabla ya toleo la R11B la Erlang mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani kuacha kufuatilia kulikuwa ishara ya kusafiri tu, na hukuweza kujua ni lini hasa umekuwa salama. Alirekebisha mfano, akauendesha kwenye terminali kwa kuunakili kutoka kwenye mwongozo wenyewe, si kwa kuuandika upya. Nilipomuuliza sababu alishangaa kidogo. Msomaji naye atanakili, kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni hicho atakachonakili, pamoja na nukta yake ya mwisho.

Mabadiliko aliyagawa katika mafungu matatu ili kila moja liweze kukubaliwa au kukataliwa peke yake, na kwa kila fungu akaeleza kilichokuwa kimeandikwa, kwa nini si sahihi, na namna ya kulithibitisha. Maelezo ya fungu la kwanza yalikuwa marefu kuliko marekebisho yenyewe mara kadhaa. Wapo watakaoona huo ni upotevu wa muda. Mimi naona ni heshima kwa mhakiki, ambaye hatalazimika kuigandisha nodi yake ili aamini.

Mhakiki alijibu kesho yake kwa swali fupi: na porti je? Maana monitor haifuatilii michakato tu. Inafuatilia pia porti, vile vipitio ambavyo Erlang hutumia kuzungumza na programu za nje. Mwenzangu hakujibu kwa kubahatisha. Alifungua terminali, akafungua porti kwa programu ya cat, akaifunga, kisha akaifuatilia ikiwa imeshafungwa. Ikaja DOWN, aina port, sababu noproc, ingawa neno hilo kwa umbo lake linataja mchakato. Akabandika matokeo kwenye jibu lake kwa mhakiki, akarudi kwenye sentensi, na pale palipoandikwa "usipokuwepo" akaipanga upya ili ibebe mchakato au porti. Kifungu cha muunganisho kukatika akakiacha kwa mchakato peke yake, kwa sababu porti ya nodi nyingine haifuatiliki kwa njia hii. Alikuwa amelijaribu na hilo pia, na kuambulia kosa la badarg.