Kamioka: Jabali Tulivu Lenye Maji Mengi

KAGRA ya Japani ilijengwa kupima mawimbi ya mvutano, yale yanayozuka mashimo meusi au nyota nzito zinapogongana. Wimbi hilo likipita, umbali wa kilomita 3 kati ya vioo vyake hubadilika kwa kiasi kidogo kuliko upana wa protoni. Kishindo cha lori barabarani humeza ishara hiyo bila shida. Kwa hiyo kazi ilianzia kwenye uchaguzi wa mwamba.

Wajapani walikuwa na pa kulinganishia. Mitaka, jijini Tokyo, walikuwa na TAMA300, chombo chenye mikono ya mita 300 kilichosumbuliwa na mitetemo ya jiji. Kamioka, mgodi wa zamani wa zinki na risasi mkoani Gifu ambako KAGRA ilijengwa, mtetemo wa ardhi ni mdogo kwa karibu mara 100. Sababu ni mbili. Kwanza, mwamba wake ni naisi ya Hida, mgumu na mkongwe. Pili, mahandaki yamepita zaidi ya mita 200 chini ya uso wa mlima, na mitetemo inayosafiri juu ya ardhi hufifia kadiri unavyoshuka. Kabla ya kuchimba, chombo cha majaribio kiitwacho CLIO, chenye mikono ya mita 100, kiliwekwa mgodini humo na kuthibitisha utulivu huo. Ushahidi wa uimara ulikuwapo tayari: tangi la kunasia nyutrino la Super-Kamiokande, lenye kipenyo cha mita 39 na kimo cha mita 41, limo ndani ya jabali hilohilo.

Hata hivyo, kina hakitibu kila kitu. Mawimbi ya bahari huitikisa ardhi polepole, na mtikisiko wa aina hiyo hauzuiwi na mita 200 za mwamba. Bahari ya Japani ikichafuka, vioo vya KAGRA huyumba.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa maji. Uchimbaji ulianza Mei 2012 na mahandaki yakakamilika Machi 2014. Kamioka ni nchi ya theluji, na theluji ikiyeyuka maji yake hupenya nyufa za mwamba hadi chini. Wasanifu walilijua hilo, wakayapa mahandaki mteremko wa 1 kwa 300, yaani mita 10 katika mkono wa kilomita 3, ili maji yatoke yenyewe bila pampu. Bado yalibubujika kuliko walivyotarajia, ikabidi kuta zifunikwe kwa karatasi za plastiki na mifereji iboreshwe.

Mteremko huo una gharama yake. Kioo kinaning'inia wima kwa uzito wake, ilhali mwanga wa leza unafuata mwinamo wa handaki. Kwa hiyo kioo kikitikisika juu na chini, sehemu 1 kati ya 300 ya mtikisiko huo huingia kwenye kipimo cha urefu. Isitoshe, maji yanayopita mferejini ni uzito unaohama, na uzito unaohama hukivuta kioo kwa nguvu ya mvutano. Unaweza kukikinga kioo na mtetemo kwa kukining'iniza, lakini mvutano haukingiki. Dawa yake ni kuyaweka maji mbali na vioo, na hilo huamuliwa handaki linapochorwa.

Kisha likaja tetemeko la Noto la Januari 1, 2024, lenye ukubwa wa 7.6, likaharibu sehemu za mitambo na kusimamisha kazi. Utulivu wa kila siku na usalama dhidi ya matetemeko ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina hesabu yake.

Ulaya nayo inatafuta mahali pa Darubini ya Einstein, chombo chake kijacho cha mawimbi ya mvutano, itakayochimbwa kati ya mita 200 na 300 chini ya ardhi. Sos Enattos, kisiwani Sardinia, ina mwamba mgumu na watu wachache. Mpakani mwa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani watu ni wengi, lakini udongo laini ulio juu ya mwamba mgumu hufyonza mitetemo yao. Uchorongaji umefanyika pande zote mbili ili kuusoma mwamba kwa kina.

Funzo la Kamioka kwa waamuzi wa Ulaya liko wazi. Vipima mtetemo vinaeleza nusu ya habari. Nusu nyingine imo katika nyufa zilizoonekana kwenye sampuli na maji yaliyopimwa katika kila msimu. Mahali ambapo maji yake hayajapimwa bado hapajachaguliwa.